Uzoefu wangu na kitabu cha alfabeti cha Wapuritani

Naishi Massachusetts, Marekani, na binti yangu yuko darasa la pili. Aliponiuliza watoto wa zamani wa huku walisomea kitabu gani, niliagiza New England Primer, kitabu cha Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali waliotoka Uingereza kuja kuishi huku, kilichoanza kuchapishwa Boston kwenye mwaka 1690 hivi. Nakala yangu ni chapa mpya ya toleo la 1777. Tumekuwa nacho miezi miwili.

Ni kidogo, kinaenea kiganjani, na kila herufi ina picha na kibwagizo chake. A: kwa anguko la Adamu sote tulitenda dhambi. X: Xerxes (mfalme wa kale wa Uajemi) alikufa, nami sina budi kufa. Mtoto hajajua kuunganisha silabi, tayari anakumbushwa kaburi. Mbele kuna picha ya John Rogers, mchungaji wa Kiprotestanti aliyechomwa moto London mwaka 1555 kwa ajili ya imani yake, mkewe na watoto wake wakitazama. Binti yangu aliuliza, "Mama, kafanya nini?" Nilifunga kitabu, tukaenda kula. Kisha inafuata katekisimu, yaani mafundisho ya dini kwa maswali na majibu, yenye maswali 107, na hayo yalikuwa ya kuhifadhiwa.

Lakini mimi nimekulia Unguja, alifu na be nilizijua chuoni, yaani chuo cha Kurani, kabla ya A na B za skuli, kwa hiyo shabaha ya Wapuritani sikuiona ngeni: kusoma ili ufikie Kitabu cha Mungu. Sheria ya Massachusetts ya 1647 ilisema wazi kwamba shetani hutaka watu wasiyajue Maandiko, ndiyo maana kila mji wenye kaya 50 ukatakiwa kuweka mwalimu wa kusoma na kuandika, na wenye kaya 100 ufungue skuli ya Kilatini. Watu waliokuwa bado wanafyeka msitu! Bidii hiyo naiheshimu kwa moyo wote.

Ila mlango ule wa elimu ulikuwa wa madhehebu moja tu. Mary Dyer, wa madhehebu mengine ya Kikristo, ya Quaker, alinyongwa Boston mwaka 1660 kwa kurudi mji uliomfukuza. Leo, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 1962, skuli ya serikali haiwezi kuwaongoza watoto katika sala. Mtoto akitaka kusali mwenyewe, hakuna wa kumzuia. Binti yangu anasoma skuli Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi anakwenda chuo, na mimi kama mama wa Kiislamu nalala usingizi kwa sababu hiyo.

Kasoro za nakala: picha zimechapwa nyeusi mno, na herufi s ya kizamani inafanana na f, mtoto hukwama kila mstari. Hakina maelezo yoyote ya historia, itabidi uyatafute mwenyewe. Kwa mzazi au mwalimu, nasema kinunuliwe. Kwa mtoto, msome pamoja. Sisi tunasoma kurasa za alfabeti tu, na ule wa John Rogers nimeubana kwa klipu mpaka afike darasa la tano.