Dola tisa kwa choo cha wavulana watatu

Shangazi yangu alikuja kutusalimia kutoka Sake, akaomba choo, akarudi sebuleni na kuuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mmeanza kufuga mbuzi ndani?" Mke wangu hakucheka. Jumatatu yake nikatoka kazini nikapitia duka moja upande wa Katindo, nikaacha pale dola tisa, nikarudi na chupa ya plastiki ya lita moja, dawa ya kuondoa harufu ya mkojo.

Tunapanga Keshero, hapa Goma. Wavulana ni watatu, wa miaka minne, saba na kumi na moja. Choo na bafu viko chumba kimoja: nusu ya sakafu ina karo, yaani vigae, nusu nyingine ni simenti iliyolainishwa tu. Robine, yaani bomba, hutoa maji inapopenda, kwa hiyo mara nyingi tunasukuma choo kwa maji ya bidoni. Mtoto wa miaka minne hawezi kuinua ndoo. Basi hasukumi, anafunga mlango na kwenda zake.

Chupa yenyewe imeandikwa Kifaransa. Ina vimeng'enya na bakteria hai ambao, kwa maelezo yake, hula mabaki ya mkojo badala ya kuyafunika kwa marashi. Haina rangi, inanuka kidogo kama majani yaliyoloa. Muuzaji aliniambia, "Papa, mwaga tu, harufu inaondoka." Nikamwaga tu. Haikuondoka. Theluthi ya chupa, yaani dola tatu, ikapotelea sakafuni.

Ilinichukua siku mbili kusoma yale maandishi madogo ya nyuma, mimi ambaye kila siku nawagombeza wanafunzi kwa kujibu swali kabla ya kulisoma. Yanasema isitumiwe pamoja na klorini. Asubuhi ya siku ile mke wangu alikuwa amesugua chumba chote kwa javeli, ile dawa ya usafi yenye klorini. Javeli huua bakteria na kuharibu vimeng'enya, kwa hiyo nilikuwa nimewamwaga askari wangu kwenye moto.

Javeli nina ugomvi nayo, ingawa hapa Goma kuisema vibaya ni kama kumsema mama mkwe. Kipindupindu kimetufundisha kuamini klorini, na ni haki, kwa maji ya kunywa. Lakini kwenye mkojo uliolala ni hatari. Mkojo mbichi haunuki sana. Bakteria ndio huivunja urea iliyomo ikawa amonia, ile inayopiga pua. Javeli ikikutana na amonia hutoa gesi ya kloramini. Mara moja, mvua ikinyesha na dirisha limefungwa, mke wangu alitoka mle anakohoa, macho mekundu, tukadhani ni nguvu ya usafi. Na baada ya hayo yote harufu ilirudi jioni. Kinachobaki ndani ya simenti ni chembe za asidi ya yuriki, na hizo maji hayaziyeyushi kirahisi. Zikikauka zinanyamaza. Mtu akioga, unyevu ukipanda, zinaamka tena. Ndiyo maana chumba chetu kilinuka zaidi mara tu baada ya kupigwa deki.

Kabla ya kumwaga mara ya pili nilitaka kujua namwaga wapi. Jirani yetu hubadilisha pesa, na ana ile taa ndogo ya zambarau ya kukagulia dola: uzi wa noti ya mia hung'aa waridi, wa ishirini kijani. Mkojo mkavu nao hung'aa. Nikaiazima kwake usiku mmoja, nikazima balbu, nikafunga mlango. Ndugu zangu! Sakafu kuzunguka bakuli la choo niliitarajia. Sikutarajia ukuta hadi usawa wa goti langu, wala nyuma ya mlango, wala mguu wa kiti cha plastiki tunachowekea sabuni. Kulikuwa na mstari mrefu wa matone kutoka chooni hadi mlangoni, kama wa mtu aliyeitwa na mpira kabla hajamaliza. Tahadhari moja: sabuni ya unga ya kufulia nayo hung'aa chini ya taa hiyo, bluu nyeupe, na robo saa nzima nilikuwa nashtaki kona isiyo na hatia. Suuza kwanza, acha pakauke, ndipo umulike.

Safari hii nilifuata maandishi kama mtu anayefanya mtihani wa serikali. Siku tatu bila javeli. Nikaosha kwa maji matupu, nikayasukuma kwa raklete, ile ya mpira ya kukaushia sakafu, kisha nikamwaga dawa bila kuichanganya na maji, nyingi ya kutosha kuingia simenti mpaka pale mkojo ulipofika. Kupuliza juu juu hakutoshi. Halafu nikaifunika kwa mifuko ya plastiki iliyokatwa, kwa sababu bakteria hawa hufanya kazi wakiwa wameloa, wakikauka wanasimama. Saa tatu usiku mpaka alfajiri, watoto wakipewa ndoo uani. Usiku wa manane harufu ilizidi, nikakaribia kumlaani yule muuzaji. Kumbe ni kawaida, mkojo wa zamani ukiloweshwa hunuka upya. Nikarudia usiku wa pili. Siku ya tatu nilifunga mlango na dirisha kutwa nzima, jioni nikafungua na kuingiza pua. Simenti! Harufu ya simenti tu, baridi, kama nyumba ambayo haijahamiwa.

Ila bakuli la choo lilibaki vilevile. Chini ya ukingo wake kulikuwa na ukoko wa manjano, mgumu kama jiwe, na chupa hii haikuukwaruza hata kidogo. Hapa lawama nyingine ni ya ziwa letu. Maji ya Kivu yana magnesiamu nyingi, na pH yake juu juu ni kama 9. Yakikaa na mkojo, ukoko hujijenga. Ukoko huo unataka asidi. Nilinunua asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu wanaotumia watengeneza juisi, vipakiti vichache kwa franka elfu tatu. Gramu mia hivi kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, matambara yakaloweshwa na kubandikwa chini ya ukingo, yakalala pale usiku. Asubuhi ukoko ulitoka kwa kijiti. Siki nyeupe nayo ingefanya, polepole zaidi na kwa bei kubwa zaidi. Asidi na javeli zisikutane kabisa, zinatoa gesi ya klorini, nayo ni mbaya kuliko ile ya kwanza.

Kwa hiyo alama, maana ni kazi yangu. Sakafu ya simenti: 16 juu ya 20. Ukuta uliopakwa rangi ya mafuta: 14, ingawa hapo nadhani hata maji ya sabuni yangepata 12. Bakuli: 4. Maelezo ya kwenye chupa: 6, kwa sababu onyo la klorini lilistahili kuandikwa mbele kwa herufi kubwa, hasa kwa bidhaa inayouzwa mji ambao kila nyumba ina javeli. Bei: dola tisa ni nyingi. Lita moja ilinitosha chumba cha mita mbili kwa mbili, ukiondoa ile theluthi niliyoipoteza kwa ujinga wangu. Mwenye sakafu yote ya karo nzima, zisizo na nyufa, asinunue, aanze na unga wa franka elfu tatu. Mwenye simenti tupu kama mimi, anunue. Na kama kinachonuka ni mayai yaliyooza, huo si mkojo, ni fosi, shimo la maji ya choo: mimina lita ya maji kwenye tundu la sakafu, sifoni, kile kiwiko cha bomba kinachozuia harufu, imekauka.

Kuna sehemu moja imenishinda. Bakuli limesimamishwa juu ya simenti ya kawaida, imepasuka upande wa nyuma, na mkojo unapita chini yake. Hakuna chupa inayofika huko. Fundi alikuja, akagonga, akasema bakuli liinuliwe, pasafishwe, kisha lizibwe kwa silikoni: dola kumi na tano pamoja na kazi yake. Nilimpigia mwenye nyumba. Akasema mwezi ujao. Hiyo ilikuwa miezi miwili iliyopita, na kodi amekuja kuichukua mara zote mbili, tarehe moja, asubuhi. Mara ya pili aliomba choo. Mke wangu akamwelekeza kwa heshima zote, akamfungulia mlango mwenyewe.