Kiboksi cha kuchakata sauti kwenye redio ya gari: kazi yake nzuri, mluzi wake ni aibu

Naanza na mluzi, maana ndio uliokula utamu wote. Kiboksi hiki kinapokea muziki wa simu, kinaurekebisha, kisha kinaupeleka kwenye redio. Unakichomeka kwenye tundu la AUX la redio (lile la kuingizia muziki kwa waya), unakipa umeme kutoka kwenye tundu la kiberiti, unawasha gari, na nyuma ya muziki inatokea sauti nyembamba isiyokatika, wiiii. Ukikanyaga mafuta inapanda. Ukiachia inashuka. Ukitoka stesheni ya Kigoma kwenda Mwanga unapanda nayo kilima chote. Kwenye kwaya ndiyo mbaya zaidi: kinanda kikinyamaza na waimbaji wakabaki na sauti zao tu, unasikia mluzi kuliko waimbaji.

Dukani, hapo hapo Mwanga, jibu lilikuwa hili: "Bosi, huo mluzi ni wa gari lako. Kabadilishe gari." Limesemwa mbele ya wateja wengine, muuzaji macho yake yakiwa kwenye simu. Tangu masika neno hilo halijanitoka. Jeuri ningeivumilia. Uongo siuvumilii, tena uongo unaopimika kwa dakika tano.

Pima hivi. Washa injini, simamisha wimbo, sauti ya redio iache pale unaposikilizia kila siku. Chomoa waya wa chaja kwenye kiboksi, kiendeshwe na betri yake ya ndani. Mluzi ukifa papo hapo, kosa liko kwenye njia ya umeme wa kifaa. Gari halina hatia, redio haina hatia. Mluzi ukibaki, chomoa na AUX kwenye redio. Ukibaki hata hapo, ndipo uende kwenye hasi ya redio yenyewe, waya wake wa kurudishia umeme: maltimita (mita ya kupimia umeme) kwenye volti, ncha moja kwenye bodi ya chuma ya redio, nyingine kwenye hasi ya betri, taa kubwa na feni vikiwa vimewashwa. Ukiona zaidi ya volti 0.1, hasi hiyo imelegea au imeota kutu. Fungua, piga msasa mpaka chuma kionekane, funga tena uikaze. Kwangu mita ilisoma 0.02, na mluzi ulikufa sekunde ileile chaja ilipochomolewa. Kwa hiyo gari nisibadilishe.

Chanzo chake hakina uchawi. Hasi ya chaja inaingia kwenye bodi ya gari kupitia tundu la kiberiti. Hasi ya AUX inaingia kwenye bodi ileile kupitia redio. Ndani ya kiboksi hasi hizo mbili zimeungwa kuwa moja. Umeme unaorudi unapata njia mbili, na kwa kuwa injini ikiwaka sehemu mbili za bodi hazina volti sawasawa, mkondo kidogo unapita kwenye ganda la chuma, yaani hasi, ndani ya waya wa AUX, palepale unapopita muziki. Umeme wa oltaneta umegeuzwa na daiodi lakini haujanyooka kabisa. Mawimbi yaliyobaki ndiyo unayoyasikia, ndiyo maana yanafuata mzunguko wa injini. Kuzitenganisha hasi hizo kiwandani kunataka kipande kimoja kidogo cha bei ndogo. Na juu ya boksi wamechora picha ya gari! Walijua kitakwenda wapi. Hili linanikera hata kuliko lile jibu la dukani.

Dawa zipo, kila moja na kero yake. Rahisi kuliko zote ni kuchaji nyumbani na kutembea na betri ya ndani. Kwa Ujiji na kurudi inatosha. Kwa Kigoma mpaka Tabora usiitegemee. Tena usikiache juu ya dashibodi. Gari likiwa limefungwa juani, dashibodi hufika karibu nyuzi 70, na betri za lithiamu za aina hii hazitakiwi kuchajiwa joto likipita nyuzi 45. Tabora mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, utakikuta kimevimba tumbo. Mahali pake ni chini ya redio, pasipofikiwa na jua.

Pawa benki iliyolala kwenye droo, isiyounganishwa na gari hata kidogo, inaua mluzi kabisa kwa kuwa ile njia ya pili ya umeme haipo. Kasoro yake ni moja: nyingi hujizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo, na kiboksi kikishajaa hakivuti kitu. Unakuta ilizima zamani na kiboksi kiko tena kwenye betri yake. Tafuta ile yenye hali ya kuchaji vitu vidogo, saa au spika za masikioni. Hiyo haijizimi upesi.

Dawa wanayouza wengi ni kile kisilinda cheusi cha kuweka katikati ya waya wa AUX. Ndani yake mna transfoma mbili ndogo, moja kwa kila upande, muziki unavuka kwa sumaku na hasi hazigusani. Mluzi unakufa, kweli. Ila transfoma ndogo inashiba haraka kwenye besi, yaani inafika mwisho wa inachoweza kupitisha. Piga mlio wa Hz 40 (mitetemo 40 kwa sekunde, besi nzito) kwenye simu, sikiliza bila kisilinda, kisha nacho. Ukisikia mlio umepungua au umekwaruza, hicho kimekula besi. Punguza sauti inayotoka kwenye kiboksi, uongeze ya redio. Transfoma ikipitisha volti ndogo inakwaruza kidogo zaidi.

Ya kudumu ni kuutenganisha umeme wenyewe. Zipo moduli ndogo nyeusi zenye miguu, zimeandikwa B0505S: zinapokea volti 5, zinatoa volti 5, na hasi za pande mbili hazigusani. Unaichomelea katikati ya waya wa USB. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Ile ya wati 1 inatoa miliampia 200 tu, na kiboksi chenye betri tupu kinataka zaidi ya hapo. Moduli inachemka mpaka inakufa. Chaji kwanza nyumbani kijae, ndipo moduli ikishikilie njiani, au nunua ya wati 2. Na ganda la chuma la plagi ya USB usiliache likagusa pande zote mbili, maana hasi zinakutana tena hapo na kazi yote imekuwa bure. Waya zake ni mbili tu zinazohitajika, nyekundu na nyeusi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeshasema moyoni kwamba hiki kitu kisinunuliwe. Mluzi ukishakufa, sijui chochote cha bei hiyo kinachoweza kuifanyia redio ya kawaida kazi kama hii. Sitaeleza sifa zilizoandikwa kwenye boksi. Nitaeleza vile vitu vinavyosikika.

La kwanza ni ucheleweshaji. Kwenye magari yetu dereva anakaa kulia, spika ya mlango wa kulia iko karibu na goti, ya kushoto iko mbali. Sauti ya kulia inafika kwanza, kwa hiyo mwimbaji anaonekana kuimba kutoka mlangoni. Chukua futi ya fundi cherehani. Pima kutoka kichwani pako mpaka katikati ya kila spika. Kwenye IST nilipata sentimita 95 kulia na 135 kushoto. Tofauti ni 40. Sauti husafiri karibu sentimita 34 kwa milisekunde 1, kwa hiyo 40 gawanya kwa 34, unapata kama 1.2. Unaichelewesha ile ya KARIBU, ya kulia, kwa milisekunde 1.2. Wengi wanachelewesha ya mbali halafu wanasema kifaa hakifanyi kitu. Hakikisha kwa nyimbo za bendi za zamani zilizorekodiwa mono, sauti ileile kulia na kushoto: mwimbaji anatakiwa akae katikati ya dashibodi, juu ya redio. Akivutika kulia, ongeza 0.1 mpaka atulie. Spika za nyuma zizime kwa kusogeza sauti yote mbele, maana kiboksi kina njia mbili tu, ya kulia na ya kushoto, na za nyuma zinapokea ucheleweshaji uleule usiozihusu.

Akikataa kutulia popote, na besi inaongezeka ukizima upande mmoja, basi spika moja imefungwa kinyume, chanya kwenye hasi. Chomoa waya za spika, gusisha betri ya volti 1.5 kwa nusu sekunde, chanya ya betri kwenye chanya ya spika. Karatasi ya spika itoke nje. Ikiingia ndani, waya zimegeuzwa. Hilo halirekebishwi kwa namba za ucheleweshaji.

La pili ni kukata chini. Spika za karatasi za sentimita 16 zinazokuja na gari haziwezi besi ya kweli, na redio ya kawaida, hata ikiandikwa wati 50 mara 4, inatoa kama wati 15 hadi 20 safi kwa spika moja. Weka chujio la kukata chini ya Hz 80. Utaogopa kwamba unapoteza besi. Unachopoteza ni ule mtetemo wa mlango na mkwaruzo. Sauti inapanda, besi iliyobaki inakuwa kavu na inagonga. Kila ukiongeza besi kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unaiomba redio nguvu mara mbili. Ukiongeza 10, mara kumi. Redio haina nguvu hiyo, inakata vilele vya mawimbi, na ndipo spika zinapoungua.

Kwenye ikwalaiza, ile sehemu ya kupandisha na kushusha kila kundi la milio peke yake, punguza kuliko kuongeza. Milango mingi inajaa sauti ya pipa karibu na Hz 200. Toa desibeli 4 hapo. Sebene za Kongo, ambazo Kigoma huziepuki, gitaa la solo linakata masikio kati ya kHz 2.5 na 3.5 (kHz 1 ni Hz 1000) kwa sababu kioo cha mbele kinairudisha sauti hiyo usoni. Toa desibeli 3, gitaa linabaki tamu na bado unasikia kila kidole. Ukilazimika kuongeza popote kwa 2, shusha sauti ya jumla ya kiboksi kwa 2 pia. Na kabla ya yote, kwenye redio yenyewe besi iwe sifuri, sauti za juu sifuri, loudness (ile ya kukuza besi) izimwe, na mambo yote ya "ukumbi" na "uwanja" yazimwe. Redio na kiboksi vikirekebisha kwa pamoja hakuna kinachosikika.

Kuna mtego kwenye kiwango cha sauti. Viboksi hivi vingi hutoa mpaka volti 2 kwa ajili ya spika kubwa za masikioni. AUX ya redio nyingi za kiwandani inashiba karibu na volti 1. Dalili yake: muziki unakwaruza hata redio ikiwa chini. Weka kiboksi kwenye nguvu ndogo, simu juu kabisa, piga mlio wa kHz 1, pandisha kiboksi mpaka mlio uchafuke, rudi nyuma hatua mbili. Hapo usipaguse tena. Sauti ongeza na punguza kwenye redio tu.

Wenye redio ya Kijapani isiyo na AUX msipoteze hela kukiunganisha kupitia kirusha mawimbi cha FM. Redio hizo nyingi zinaishia FM 90, kirusha kinaanzia 87.5, una dirisha jembamba mno la kugombania na vituo. Na FM haipitishi kitu juu ya kHz 15. Kazi yote ya kiboksi inaishia hewani. Vilevile nyimbo zilizopita kwenye WhatsApp mara nyingi na kushushwa ubora, kiboksi kitazianika zaidi.

Na sasa nimekasirika upya, kwa sababu nikijumlisha bei ya kiboksi, moduli, waya na mkono wa fundi, nimelipia kazi ambayo mtengenezaji aliikwepa. Sauti ninayoipata ukanda wa Urambo na Kaliua, vioo vimefungwa, mwimbaji amesimama katikati ya dashibodi, sikuwahi kuipata kwenye gari hili. Ninaipenda. Siwezi kumshauri mtu asiyejua kushika mita akinunue, na siwezi kukirudisha changu.

Ukikitaka, nenda na gari lako. Usikubali kukijaribu kwa spika ya dukani. Kichomekwe kwenye redio yako, chaja ikiwa kwenye tundu la kiberiti, injini inawaka, taa kubwa zimewashwa, wimbo umesimamishwa. Mwambie muuzaji akanyage mafuta mwenyewe. Ikisikika wiiii akakwambia ukabadilishe gari, chomoa chaja mbele yake.