Magofu ya Kilwa Kisiwani: tathmini ya ziara ya kuongozwa

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waone namna mambo ya kale yanavyoyaeleza maisha ya leo atafanya vyema kuwapeleka Kilwa Kisiwani, hasa sasa ambapo mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Magofu hayo, ambayo pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, hufikiwa kwa mashua kutoka Kilwa Masoko baada ya kupata kibali, na safari ya kuvuka ni fupi. Niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu tukiongozwa na mkazi wa kisiwani, na ninachokitathmini hapa ni kazi yake.

Kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, ni nzuri sana. Tulipofika Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake kongwe ya kaskazini ni ya karne ya 11, hakutuanzishia orodha ya masultani kama tufanyavyo sisi walimu. Aliwaita vijana kwenye ukuta uliomenyeka, wakaona mawe ya matumbawe yalivyoshikwa kwa chokaa, akawaeleza kuwa chokaa hiyo nayo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa moto wa kuni. Akaeleza pia kwa nini vyumba vya majumba ya kale ya pwani ni virefu na vyembamba: dari lilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Baadaye, tulipopita kijijini kati ya nyumba za miti na udongo, wanafunzi walianza wenyewe kulinganisha.

Pale Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lenye birika la pembe nane, alitoa picha zilizokuzwa za sarafu za shaba za Kilwa. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili, zilizoandikwa kwa Kiarabu, zinashikana kwa vina. (Malenga wa pwani hatashangaa.) Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman, mjenzi wa jumba hilo ambaye msafiri Ibn Battuta wa Morocco alimkuta akitawala mwaka 1331, imepatikana Zimbabwe Kuu, mji wa kale wa bara, na kwa kipande hicho cha shaba biashara ya dhahabu iliyotoka bara na kupitia Sofala, bandari ya kusini iliyo Msumbiji ya leo, ilieleweka kuliko ninavyoweza kuifundisha ubaoni.

Dosari ilijitokeza Makutani. Kuta za jumba hilo ni za karne ya 18, na kiongozi wetu alizieleza vizuri kama kuta, kisha akatugeuza kuelekea ngome iitwayo Gereza na habari za Wareno waliouvamia mji mwaka 1505. Hakutaja kwamba mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Nilipomuuliza kando, alinijibu kwa upole: “Mwalimu, hayo wageni wengi hawapendi kuyasikia.” Namwelewa, maana riziki yake inategemea wageni hao, lakini wanafunzi wangu si watalii, na ziara inayoonyesha fahari ya dhahabu huku ikiruka biashara ya watu inawafanya waamini kwamba ubaya wote uliletwa na merikebu za kigeni.

Hata hivyo ningemchukua tena, kwa sharti kwamba somo la Makutani nilifundishe mwenyewe. Mwenye nafasi ya siku ya pili awapeleke vijana Kilwa Kivinje, upande wa bara, mji ambao katika karne ya 19 ulipokea misafara ya watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa.