Laptopu ya mtumba ya Linux na magemu: hesabu vipande vya ramu kabla hujatoa hela

Mwaka jana nilitoa laki sita na nusu Kariakoo kwa laptopu moja nyembamba ya rangi ya fedha: i5 ya kizazi cha 8, ramu 16, SSD ya 256. Winga, yaani dalali wa mtaani, ndiye aliyenipandisha ghorofani hadi dukani. Niliikagua kwa utulivu. Kioo hakikuwa na doa, vitufe vyote vilibonyezeka, betri ilikaa, chaja ilikuwa ya kwake mwenyewe. Nikarudi Tabata nimeridhika, nikafuta Windows, nikaweka Fedora, aina moja ya Linux, nikaacha gemu la malori la Euro Truck Simulator 2 lijishushe usiku kucha.

Kesho yake lori lilitembea vizuri kwenye barabara kuu. Lilipoingia mjini, kwenye majengo na taa, likaanza kukwamakwama. Nikapunguza ubora wa picha hadi miti ikawa kama makaratasi. Bado. Nikasasisha Mesa, programu inayoendesha michoro kwenye Linux, na kernel, kiini cha Linux chenyewe. Bado.

Jumapili binamu yangu akaja na ThinkPad T470 yake, kizazi cha 7, ramu 8 tu, kona moja ya plastiki imeshamegeka. Tukaziweka mezani ubavu kwa ubavu, mipangilio ileile, barabara ileile, MangoHud, kihesabu fremu, ikiwa juu ya kioo. Yangu ilisoma fremu 21, 22 kwa sekunde, na kwenye mzunguko wa magari ikashuka hadi 18. Ya kwake ilisoma 31, 32, na haikushuka chini ya 27. Mashine yenye nusu ya ramu yangu na prosesa iliyotangulia yangu kwa kizazi kizima ilikuwa inaniacha, na kadi ya michoro ya Intel iliyomo ndani ya zote mbili ni karibu ileile, HD 620 kwake na UHD 620 kwangu.

Tukachukua bisibisi. Kwake tulikuta vipande viwili vya ramu, 4 na 4. Kwangu kulikuwa na kipande kimoja cha 16, kimelala kwenye sloti moja, na sloti ya pili haipo. Haijawahi kuwapo. Laptopu ile iliumbwa na tundu moja, na hakuna fundi duniani atakayeiongezea la pili.

Mwongozo wote huu unatokana na tundu hilo. Sitakueleza habari za ukubwa wa SSD, uzito wala uzuri wa kioo, maana hizo kila muuzaji atakuimbia bila kuulizwa.

Laptopu nyingi za maofisini zinazotufikia kutoka Ulaya hazina kadi ya michoro inayojitegemea. Picha zinachorwa na kijisehemu kilichomo ndani ya prosesa, na kijisehemu hicho hakina kumbukumbu yake, kinaazima kwenye ramu. Kila jengo, kila kivuli, kila jani la nyasi linapita njia hiyohiyo ambayo prosesa nayo inaitumia. Ukiwa na kipande kimoja, umefungua njia moja. Ukiwa na viwili, kimoja kila upande, zinafunguka njia mbili kwa pamoja. Ramu ya DDR4-2400, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye mashine za kizazi cha 8, inapitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde kwa njia moja na 38.4 kwa mbili. Ni kama kujaza simtanki lenye mabomba mawili huku moja umelifunga. Ukiandika barua au ukifungua kivinjari hutaona tofauti, na ndiyo maana mtu anaweza kukaa na mashine ya hivyo miaka mitatu asijue. Utaiona siku ukifungua gemu.

Dukani, Windows ikiwa imewaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha Memory. Chini upande wa kulia kuna mstari wa Slots used. Ukisoma 2 of 2, endelea kuongea bei. Ukisoma 1 of 2, inunulike tu ikiwa bei itakuachia hela ya kipande cha pili. Ukisoma 1 of 1, mrudishie laptopu yake. Pakiandikwa Row of chips, ujue ramu yote au sehemu yake imechomelewa kwenye bodi. Mimi siku hizi natembea na flashi yenye Linux Mint: F12 kwenye Lenovo na Dell, F9 kwenye HP, halafu kwenye terminal, dirisha la kuandikia amri, naandika sudo dmidecode -t memory, kila sloti inajitaja na kilichomo. Kama mashine inadai neno la siri la BIOS, programu ya kuwashia mashine, kabla ya kukuruhusu kuwasha kwa flashi, ondoka hapo hapo, hata kama bei imeshuka nusu.

Sasa mpangilio wangu.

Namba 1: ThinkPad T480

Naipenda ThinkPad na sifichi. Nimetumia chapa tatu na hii ndiyo ninayoirudia. T480 ilitoka 2018, ina sloti mbili za DDR4, na kifuniko cha chini kinatoka kwa skrubu sita zisizodondoka. Prosesa yake ya i5-8250U au 8350U ina kori nne, wakati i5 za maofisini za kizazi cha 7 zilikuwa na mbili. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nje, kwa hiyo unachomoa ya nje na kuweka nyingine wakati mashine inaendelea kuwaka. Kwa anayeishi na umeme wa kukatika saa kumi na mbili jioni, hilo lina thamani kuliko milimita tatu za wembamba. Linux inaitambua karibu yote bila kuhangaika: Wi-Fi ya Intel, sauti, kamera, hata kule kulala na kuamka kunakozisumbua mashine nyingine. Masasisho ya firmware, programu iliyomo ndani ya vifaa vyenyewe, yanapatikana kwa programu ya Linux iitwayo fwupd, na ya Thunderbolt, tundu la USB-C la kasi, yafanye siku ileile ya kwanza, kwa sababu firmware ya mwanzo ilikuwa na kasoro ya kuua tundu la USB-C.

Weka 8 na 8. Usikubali 16 na tupu. Kwa hali hiyo Stardew Valley, Hollow Knight na Terraria zinateleza, tena zote zina toleo la Linux lenyewe. Euro Truck inakwenda kwa picha za chini, PPSSPP, ya kuchezea gemu za PSP, inakwenda utakavyo, na Football Manager inakwenda kupitia Proton. Proton ni kazi ya Valve, wenye Steam, ya kuendeshea gemu za Windows ndani ya Linux; ilitoka Agosti 2018, nayo inabeba DXVK, inayotafsiri Direct3D, lugha ya michoro ya Windows, kwenda Vulkan, ambayo Linux inaielewa. Kabla yake nilikuwa namaliza wikiendi nzima nikibishana na Wine, programu ya zamani ya kazi hiyohiyo.

Namba 2: HP EliteBook 745 G6, na ndugu yake 845 G7

Kwa gemu tupu hii inaipita T480, na nimeiweka ya pili kwa sababu moja ya kweli: haipatikani ovyo. Ndani kuna Ryzen yenye kadi ya michoro ya Vega, ambayo ina nguvu kuliko UHD 620 kwa mbali, na Mesa inaihudumia vizuri sana. Zote mbili zina sloti mbili. Lakini hapa ndipo suala la kipande kimoja linauma zaidi, maana Vega ina njaa ya kumbukumbu kuliko ya Intel. Ukikuta Ryzen yenye kipande kimoja, unalipia injini kubwa iliyobanwa koo. Mawinga hawaipendi kwa kuwa wateja wanauliza i5 na i7, kwa hiyo ukiitaja kwa jina wanakuletea 840 na kukuambia ni kitu kilekile. Siyo. Soma stika, kisha hakikisha kwa amri ya lspci, inayoitaja kadi ya michoro.

Namba 3: Dell Latitude 5490 au 7490

Sloti mbili, kizazi cha 8, Linux inakaa vizuri. Kibodi yake siipendi. Ukiipata kwa bei nzuri na vipande viwili, chukua.

Namba 4: T480s, T490 na T14 Gen 1

Hizi ni ThinkPad, na bado nimezishusha. Ramu sehemu moja imechomelewa na sloti imebaki moja. Ikiwa iliyochomelewa ni 8, ukaongeza kipande cha 8, njia zote mbili zinafanya kazi na huna neno. Kuna T480s zilizochomelewa 4 tu. Hapo muuzaji anapachika 16 na kutangaza ramu 20, namba inayovutia macho, wakati gigabaiti 8 za mwanzo tu ndizo zinazopita njia mbili. Ramu iliyochomelewa ikiharibika, umeipoteza bodi. Lenovo walikosea kuchagua hivyo, na nawaambia hivyo nikiwa mteja wao.

Usinunue kwa magemu: X260 na X270, ingawa ni nzuri kubeba. Zina sloti moja.

Za bei ya chini

T470 kama ya binamu yangu, au EliteBook 840 G3. Zote zina sloti mbili za DDR4. Windows 10 ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haizipokei mashine hizi kirasmi, kwa hiyo bei yake inastahili kushuka, nawe Linux haikuulizi kizazi. Usishuke chini ya kizazi cha 6. Kwenye kizazi cha 4 Mesa yenyewe inakuandikia kwamba Vulkan haijakamilika, na DXVK tangu toleo la 2.0 inadai Vulkan 1.3. Celeron, prosesa dhaifu za Intel, mpya za ramu 4 ziache zilipo.

Jambo moja niliseme mapema, kwa sababu nimepokea lawama zake. Ikiwa gemu lako ni FC, ile ya mpira ya EA iliyorithi FIFA, hakuna laptopu kwenye orodha hii itakayolicheza ndani ya Linux. EA wameweka kinga yao dhidi ya udanganyifu na Linux imefungiwa nje tangu FIFA 23. Fortnite na Valorant ni vilevile. La Fortnite linaniudhi zaidi, maana Easy Anti-Cheat, kinga inayoitumia, ni mali ya Epic, wenye Fortnite wenyewe, na tangu 2021 inaweza kufanya kazi kupitia Proton msanidi akiruhusu. Wao hawajaruhusu. Mwenye gemu hizo abaki na Windows kwenye sehemu ya diski, asinilaumu baadaye.

Nirudi kwa wauzaji. Baada ya kuandika kisa changu, watu walinitumia picha za mashine zao, na nyingi zilikuwa 1 of 2. Dada mmoja wa Mwanza alifungua yake akakuta sloti ya pili ina vumbi pembeni, katikati safi, alama ya kitu kilichokuwa kimekaa pale miaka. Fundi wangu, ambaye anafungua laptopu kumi kwa siku, aliniambia waziwazi: mzigo ukishuka na 4 na 4, wapo wanaovitoa vyote, wanapachika 8 moja, na vile viwili vinauzwa peke yake. Tangazo linabaki "ramu 8". Hakuna neno la uongo hapo, na mteja ameshapunjwa. Niliporudi kwa aliyeniuzia, alinijibu, "Dada, 16 ni 16." Nikaomba tubadilishane na yenye sloti mbili, akasema dhamana ni wiki moja nayo imepita. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikuwa nayo, kwa sababu siku ya kununua nilitajiwa bei mbili, ya risiti na isiyo na risiti, nami nikachukua ya chini. Kosa hilo silirudii. Bila risiti huna pa kusimama.

Na sasa kipande cha pili chenyewe kimekuwa mali. Tangu nusu ya pili ya 2025 bei ya ramu imepanda dunia nzima, kwa sababu viwanda vinakimbilia kuhudumia seva za akili unde. Desemba 2025 Micron walitangaza kuachana na Crucial, chapa ambayo sisi wa kawaida tuliizoea. Ndiyo maana hesabu ya 1 of 2 niliyokuwa naidharau zamani, nikisema utaongeza baadaye, leo naiingiza kwenye bei ya kununulia. Mwambie muuzaji akutajie bei ya laptopu na kipande cha pili pamoja, akipachike mbele yako.

Mdogo wangu alipata T480 mwezi uliopita, na kipande kimoja cha 8. Kwenye maduka ya mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kipya kilinishinda bei. Tukakipata kwa fundi, kilichotolewa kwenye laptopu iliyovunjika kioo, DDR4 ya 2400, Samsung, elfu hamsini na tano. Alitaka nilipe kwanza. Nikamwomba akichomeke, nikawasha kwa flashi yangu, nikaiacha Memtest86+, kipimo cha ramu, izunguke mara moja nzima huku tukinywa chai ya mama wa pembeni. Kisha nikaandika dmidecode mwenyewe. ChannelA-DIMM0, 8 GB. ChannelB-DIMM0, 8 GB. Nikamhesabia hela yake.