Msumeno wa meza usio na kibati, nyota 2

Nimenunua msumeno wa meza mwezi wa tatu kwenye duka moja la mashine huku Ujerumani, wanaleta wenyewe kontena kutoka China, bei nzuri na kiukweli mota ina nguvu, nimepasua mbao ngumu wiki nzima haijakwama hata mara moja. Hapo nawapa haki yao ndo maana nimeweka nyota 2 na sio 1.

Shida imeanza nilipotaka kumuuzia fundi mwenzangu, Mkongo mmoja ana karakana yake. Jamaa hata bei hakuuliza, akainama chini ya meza na tochi ya simu anatafuta kibati, kile kibao cha chuma chenye taarifa za mashine. Hakuna. Kuna stika tu ya karatasi ya CE, ile alama kwamba bidhaa imetimiza sheria za Ulaya, ukiikwangua na ukucha inatoka, na herufi zimebanana, wakati CE halali ukimalizia duara la C na penseli linafika mpaka mgongoni mwa E. Sheria ya mashine ya Ulaya, ile 2006/42/EC, inataka pawe na jina na anwani ya mtengenezaji, aina ya mashine, serial namba kama ipo, mwaka wa kutengenezwa, na hiyo CE isipungue urefu wa milimita 5, tena viandikwe visifutike. Manual nayo iwe na lugha ya nchi, mi nilipewa Kichina na Kiingereza cha kuokoteza. Halafu kile kisu cha nyuma ya blade kinachozuia mbao isikurudie tumboni hakipo kabisa jamani!! Na misumeno hii ya kusukuma mbao kwa mkono imo kwenye orodha ya mashine hatari, Kiambatisho cha 4 cha sheria hiyo, huwezi kubandika stika ukasema umemaliza.

Nikapiga simu, kaka aliyepokea ananiambia hayo ni mambo ya kiwandani sio ya kwao. Si kweli, mashine ikitoka nje ya Ulaya na mtengenezaji hajatimiza, anayeiingiza sokoni ndo anabeba huo mzigo wote, hata iwe mtumba. Wiki 2 baadae wakanitumia kwa email tamko la ulinganifu, ile karatasi ya kuthibitisha mashine imetimiza sheria, nafungua naona model ya blade ya milimita 250, yangu ni 315.

Mkongo sijamuuzia na simuuzii mtu yeyote, pale karakanani kwake kuna vijana wawili wanajifunza kazi. Ukienda duka hilo omba tamko na uone kibati kwa macho yako kabla hujatoa hela. Mi nimewaandikia waje wachukue mashine yao wanirudishie euro 620 zangu, wakifanya hivyo narudi hapa kubadilisha nyota.