Lichess kwa sisi tunaocheza Alekhine, nyota tano zote

Kama wacheza mweusi kwenye chesi na umechoka kusukumiwa askari kifuani kabla hujatoa hata askofu, soma hii.

Nazungumzia Lichess, ile programu ya chesi ya bure. Bure kabisa yani, si ile ya wiki moja halafu waambiwa lete kadi. Mfaransa mmoja Thibault Duplessis aliianzisha 2010 na mpaka leo inakwenda kwa michango ya watu, tangazo hakuna hata moja. Kwa sisi wa Lamu tunaonunua bando kidogo kidogo hilo ni jambo kubwa sana, manake nlikua na programu nyingine (jina naliwacha) kila ukimaliza gemu yakuwekea video ya kuuza vitu, bando yaisha na chesi hujacheza.

Lakini kilichonifanya niandike ni kitabu chake cha ufunguzi, yani orodha ya hatua za mwanzo watu walizozicheza. Mie nacheza Alekhine, ule ufunguzi wa mweusi wenye jina la bingwa Alekhine. Mweupe e4 (yani askari aenda mraba wa e4), mie farasi f6, namwita kabisa aje anifukuze. Akija e5 farasi aenda d5, d4 namtilia d6, c4 farasi arudi b6, halafu wale wenye hasira waongeza f4 na hapo shambulio la askari wanne limetimia, c4 d4 e5 f4 wamejipanga kama ukuta wa ngome. Mtu mgeni akitazama adhani mweusi ashakwisha. Ila fikra ya Alekhine tangu alivyoicheza Budapest 1921 ni hiyo hiyo, mwache ajenge, wewe ipige katikati kwa mbali, askari akishasogea harudi nyuma na kila mmoja ataka wa kumlinda.

Sasa fungua ubao wa uchambuzi, gusa alama ya kitabu. Hapo wachagua, magemu ya mabingwa au magemu ya watu wa Lichess wenyewe, na haya ya pili wayachuja kwa reti, zile alama za nguvu ya mchezaji, mpaka ubaki na watu wa levo yako. Hii ndio siri ya hii kitu jamani!! Mfano, baada ya ile f4 umekula e5, naye kala kwa askari wa f, umetia farasi c6. Mabingwa karibu wote waweka askofu e3 kwanza. Huku chini utakuta wengi wakimbilia farasi f3, na wewe hapo hapo askofu g4, wambana yule yule farasi anayeilinda d4. Ila usishangilie mapema, kuna watu wajua kutoa askari e6, ukila yeye c5 na farasi wako wa b6 hana budi ahame, kwa hivyo hiyo isome vizuri kabla hujaenda nayo barazani.

Akicheza sawa, yani askofu e3, mie askofu f5, farasi c3, e6, farasi f3, askofu e7, halafu yeye d5, basi hapo ni moto. Wakula d5, naye akula kwa askari wa c, farasi wako aruka b4 na macho yote c2, manake askofu wa f5 yuko nyuma yake. Mwache acheze ataona.

Mistari yote hii nimeiweka kwenye stadi, zile kurasa unazojitengenezea mwenyewe, waificha hatua inayofuata uibuni, na wamtumia rafiki linki akasoma bure. Kuna ami mmoja hapa kwetu jioni akimaliza dhumna huniita, askari wake wote wanne mbele mbele, "kijana huyo farasi wako atakimbia mpaka lini?" Namwambia ami, sukuma tu.

Jambo moja la kujua, Stockfish, ile kompyuta yao, haimpendi Alekhine, itakuonyesha mweupe yuko juu kila saa na wengi huivunjikia moyo hapo. Usiivunjikie. Kompyuta yajua kulinda ule ukuta wote, mtu hajui. Fischer aliitoa Alekhine Reykjavik 1972, mechi ya ubingwa wa dunia, gemu ya 13 na akamlaza Spassky, itafute uipitie pole pole. Na kitabu chataka intaneti, kwa hivyo ukiwa kwenye boti ya Mokowe na mtandao umekata wabaki kucheza na kompyuta ndani ya simu, si mbaya lakini si sawa.

Anayetaka kuchokora zaidi atazame ile njia ya bingwa Planinc, f4 ikishakuja mweusi hata hali e5, atia askari g5 papo hapo ili f4 akiila, e5 ikose mlinzi. Ndio naichambua sasa. Kama kuna mtu wa Lamu anaicheza tutafutane jioni, ubao ninao.