Uzoefu wangu: kupunguza mkanda wa chuma wa saa nyumbani kwa seti ya vifaa ya shilingi 15,000

Saa ninayoizungumzia ni Seiko SKX007, ile ya kuzamia iliyotengenezwa tangu 1996 hadi 2019, ambayo kaka yangu aliniletea kutoka Maskati ikiwa na kidirisha cha siku kinachosomeka kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Mkanda wake ni wa chuma kisichoshika kutu, wenye safu tano za vipande vidogo, muundo unaofuata ule ambao Rolex waliutoa mwaka 1945. Kaka yangu ana mikono minene. Mimi kifundo changu cha mkono kina mzunguko wa sentimita 16.5, kwa hiyo siku ya kwanza saa iliteremka hadi kwenye vidole kila nilipoushusha mkono, na nilipouinua ikapanda nusu ya njia kuelekea kwenye kiwiko.

Nilianza kwa kumpelekea fundi saa mmoja wa Kariakoo, mzee mwenye meza ndogo na kisanduku cha kioo, ambaye baada ya kumwamkia alinishika mkono, akauangalia kwa jicho moja, akasema, "Hii dakika tano tu, mwanangu." Kweli zilikuwa dakika tano. Alizitoa pini mbili kwa msumari uliochongwa ncha, akaondoa pingili nne kwa mpigo kutoka upande mmoja wa mkanda, akaunga, akanifungia kile kipande kilichotoka kwenye karatasi ya gazeti. Nililipa shilingi 3,000 na kuondoka nikiwa nimeridhika, jambo linaloonyesha kwamba sikujua nilichopaswa kukiangalia.

Kasoro ya kwanza niliigundua siku iliyofuata kazini. Kwa kuwa pingili zote nne zilitoka upande mmoja, kifungo cha mkanda hakikukaa katikati, chini ya mkono, bali kilihamia ubavuni, upande wa kidole cha mwisho, pale hasa mkono unapoegemea meza mtu anapoandika. Kila mstari niliouandika ulisindikizwa na mkwaruzo. Ya pili ilichukua kama wiki moja kujitokeza: ncha ya pini moja ilianza kuchungulia pembeni mwa mkanda na kuvuta nyuzi za mkono wa shati langu. Niliirudisha ndani kwa ukucha, nikaisahau. Siku mbili baadaye, nikiwa nimesimama ndani ya daladala ya Mbagala na mkono nimeshika bomba la juu, mkanda uliachia na saa ikadondoka kwenye kikapu cha mama aliyekuwa ameketi mbele yangu. "Baba, kitu chako hiki," akasema, akanirudishia kikiwa na jani moja la mchicha. Pini yenyewe haikuonekana tena.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipochunguza mkanda huu unavyoungwa, na nadhani hapa ndipo penye somo lote. Mikanda mingi ya chuma ya bei ya wastani huungwa kwa pini iliyopasuliwa upande mmoja: ule mpasuko hutanuka ndani ya tundu na kuibana pini isitoke. Mkanda wa SKX007 haufanyi hivyo. Pini yake ni laini na nyembamba, na peke yake haishikwi na kitu chochote. Kinachoishika ni kibomba kidogo mno, kifupi kuliko punje ya mchele, kinachokaa ndani ya tundu la sehemu ya katikati ya pingili. Pini hupita ndani ya kibomba hicho kwa kubanwa, na hiyo ndiyo kufuli yake. Fundi alipoisukuma pini, kibomba kilidondoka, ama hakukiona ama alikidhania uchafu, na pini akairudisha bila chochote cha kuibana. Simlaumu sana, kwa kuwa kitu hicho ukikiweka kiganjani na kupumua kwa nguvu, kimekwenda. Lakini mkanda uliounganishwa bila kibomba umefungwa kwa matumaini.

Bahati yangu ilikuwa katika ile karatasi ya gazeti. Kipande cha pingili nne nilichorudishiwa kilikuwa bado kina viungo vitatu visivyofunguliwa, na kila kiungo kina pini yake na kibomba chake. Kwa hiyo vipuri nilikuwa navyo. Kilichokosekana ni vifaa, na ndipo niliponunua seti hii kwa shilingi 15,000 katika duka la vifaa vya simu na saa.

Ndani ya seti mna kishikizo cha plastiki chenye skrubu ya kusukumia pini, ncha tatu za akiba za skrubu hiyo, vitoboleo vitatu vya chuma vya unene tofauti, nyundo ndogo yenye kichwa cha shaba upande mmoja na plastiki upande wa pili, kibao cha plastiki chenye mifereji na matundu, na kifaa chenye ncha ya panda cha kuondolea pini za springi. Kile kishikizo cha skrubu, ambacho picha ya kwenye boksi inakionyesha kama ndicho kifaa kikuu, hakifai. Ncha ya kwanza ilipinda kwenye pini ya pili, ncha ya pili ilikatika, na nilipoikaza zaidi plastiki yenyewe ilianza kufunguka kama kitabu. Ningeweza kukitupa siku hiyo hiyo bila kujuta. Kibao, vitoboleo na nyundo ndivyo vilivyofanya kazi, tena vizuri kuliko nilivyotarajia kwa bei hiyo: mkanda unasimama wima ndani ya mfereji, pini inaelekea chini kwenye tundu, na pigo moja jepesi la ule upande wa shaba hutosha kuianzisha safari.

Kazi niliifanya usiku wa Jumamosi, watoto wakiwa wamelala, juu ya sinia kubwa nililolitandika kitambaa cheupe. Nawasihi wote msiruke hatua hiyo ya sinia. Mara mbili kibomba kiliruka pini ilipotoka, na mara zote mbili nilikisikia kikigonga ukingo wa sinia kabla sijakiona. Nyuma ya pingili zinazoondolewa pamechorwa mishale midogo: pini husukumwa kutoka kwa kuufuata mshale, na hurudishwa kwa kupitia upande ambao mshale unaelekea. Wakati wa kuunga, hutangulizwa kibomba ndani ya tundu la katikati, kisha pingili mbili zinalinganishwa, kisha pini inapenyezwa kwa vidole hadi ikutane na kibomba. Hapo ndipo unapojua kama umefanya sawa: pini inakataa. Ikiteleza hadi mwisho bila kukataa, basi kibomba hakimo, na ni heri uanze upya.

Kosa langu mwenyewe lilitokana na lugha. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na seti, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mkato, ilisema kwamba pingili zitolewe kwa usawa pande zote mbili, na idadi isipogawanyika, ile ya ziada itoke upande wa sita. Mimi kichwani nikasoma saa sita, na saa sita kwetu ni mshale kuelekea namba 12. Nikaondoa pingili nyingine upande ule ule ambao fundi alikuwa ameshauminya, nikavaa, na kifungo kikazidi kukimbilia ubavuni. Nilikaa nikiutazama mkono kwa dakika nzima kabla sijaelewa. Tangu hapo nikizungumza na mtu kuhusu mkanda wa saa hutaja namba iliyo kwenye uso wa saa, wala sitaji saa kabisa, maana sita yao na sita yetu zinatazamana kwa migongo.

Baada ya kurekebisha, mpangilio uliokubaliana na mkono wangu ni huu: pingili mbili zimetoka upande wa namba 12 na tatu upande wa namba 6. Kifungo sasa kimekaa katikati kabisa, juu ya mishipa, na meza haikigusi. Kipimo ninachokitumia ni kidole changu kidogo: kikipita chini ya kifungo bila kusukumwa, mkanda uko sawa, kikipita na kubaki na nafasi, umelegea.

Hata hivyo kuna jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniambia. Nilipima usiku, kukiwa na upepo, na kesho yake saa nane mchana mkanda ulikuwa umeniacha na alama za pingili kwenye ngozi, kwa kuwa mkono huvimba kwenye joto. Dawa yake haikuwa kuongeza pingili. Kwenye ubavu wa kifungo kuna matundu madogo yaliyopangwa mstari, na mkanda umeshikizwa kwenye mojawapo kwa pini ya springi. Ukiibonyeza kwa ncha ya kile kifaa cha panda na kuihamishia tundu la jirani, unapata nafasi ya milimita chache ambayo pingili nzima isingeweza kukupa. Kaskazi inapoleta joto la Januari mimi huhamia tundu la nje, na baridi ya Juni ikiingia narudi tundu moja ndani. Ni kazi ya dakika mbili, na kwa hiyo peke yake kifaa cha panda kimerudisha gharama yake.

Mkanda wenyewe, ukishakaa sawa, ni mwepesi na unaukumbatia mkono, kwa sababu vipande vyake ni vifupi na vile vya mwisho vinavyoshikana na saa viko wazi kwa ndani. Kwa kuwa ulikuwa tayari mezani niliuosha kwa mswaki na maji ya sabuni, nikihakikisha kwanza kuwa ufunguo wa saa, kile kitufe cha ubavuni kinachofungwa kwa kuzungushwa, umekazwa hadi mwisho, na maji yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya chai.

Seti naipa alama tatu kati ya tano. Ningeinunua tena, ila nikikuta kibao, vitoboleo, nyundo na panda vinauzwa peke yake, ningechukua hivyo. Pingili tano zilizotoka, pamoja na pini na vibomba vyake, nimeziweka kwenye kichupa cha dawa chenye kifuniko cha kuzungusha. Kaka anakuja mwezi ujao, na kwenye simu ameshauliza mara mbili kama bado ninazo.